Shajara ya mradi: maandalizi ya mtihani wa leseni ya wakala wa mauzo ya nyumba, California

Januari 2025: makaratasi kabla ya vitabu

Mradi huu ni wa kuandaa kikundi cha wasomaji wa Kiswahili kwa mtihani wa salesperson unaosimamiwa na Idara ya Mali Isiyohamishika ya California, yaani DRE. Mtihani ni wa Kiingereza. Maelezo tunayaandika kwa Kiswahili, ila istilahi za kisheria tunaziacha kama msomaji atakavyozikuta kwenye skrini.

Tumeanza na makaratasi kwa sababu ndiyo yanayokula muda. Mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na awe amemaliza kozi tatu za saa 45 kila moja, jumla saa 135: Real Estate Principles, Real Estate Practice, na moja ya kuchagua kutoka orodha ya DRE. Kozi moja ya masafa haiwezi kukamilishwa chini ya siku 18 tangu mwanafunzi apewe vitabu. Tatu kwa hiyo ni siku 54, hata kama unasoma usiku kucha. Anayejipangia kumaliza kozi zote ndani ya mwezi mmoja anajidanganya, na tangazo linalomwahidi hivyo lina walakini.

Kwa kozi ya kuchagua tumependekeza Legal Aspects of Real Estate. Property Management na Escrow ni kozi nzuri kwa kazi, lakini sheria ndiyo inayorudi mara nyingi zaidi mtihanini.

Cheti cha Practice kina mtego wake. Tangu Januari 2024 kozi hiyo lazima iwe na sehemu ya upendeleo usio wa makusudi na sehemu ya sheria za usawa wa makazi, tena yenye zoezi la kuigiza mazungumzo na mteja. Mwenye cheti cha zamani kisicho na sehemu hizo asikitume kikiwa peke yake. Atarudishiwa barua ya upungufu na foleni itaanza upya.

Wenye masomo ya vyuo vya nje, iwe Dodoma, Kampala au Lubumbashi, hawatumi nakala ya matokeo moja kwa moja. Inapitia kwanza taasisi ya tathmini ya vyeti vya kigeni inayokubaliwa na DRE, na taasisi hiyo ndiyo inayosema kozi ipi inalingana na ipi. Kwa watu wengi ni rahisi na haraka kuchukua kozi tatu upya kuliko kufukuzana na nakala za chuo. Kuhusu utambulisho wa kodi, California inakubali namba ya Social Security au ITIN, yaani namba ya mlipakodi kwa asiye na Social Security.

Fomu ni mbili, uchague moja. RE 400A ni maombi ya mtihani peke yake. RE 435 inaunganisha mtihani na leseni, ada zote mbili zikilipwa kwa mpigo, na uchunguzi wa mwombaji huanza mapema. RE 435 inafaa kwa mwenye uhakika na mtihani na mwenye haraka ya kuanza kazi. Ada hairudishwi, kwa hiyo anayebana matumizi aanze na RE 400A. Viwango vya ada visomwe kwenye ukurasa wa DRE siku ileile ya kutuma, kwani malipo pungufu hurudisha maombi yote.

Jina ndilo linalowakwamisha watu wetu zaidi. Pasipoti ina majina matatu, leseni ya udereva mawili, cheti cha kozi kina jina la babu lililogeuzwa kuwa la katikati. Tumeamua kila mmoja achague kitambulisho kimoja halali chenye picha, kisha kozi, fomu na alama za vidole vifuate herufi za kitambulisho hicho bila kupunguza wala kuongeza.

Februari: kugawa muda kwa uzito

Mtihani una maswali 150 ya kuchagua jibu, saa 3, na kufaulu ni asilimia 70, yaani majibu sahihi 105. Mgawo wa mada unatangazwa na DRE yenyewe: utendaji na taarifa za lazima 25%, sheria za uwakala 17%, umiliki na udhibiti wa matumizi ya ardhi 15%, uthamini na hesabu za fedha 14%, mikataba 12%, mikopo 9%, uhamishaji wa mali 8%.

Geuza asilimia kuwa maswali na picha inabadilika. Utendaji ni takriban maswali 37 au 38, uwakala 25 au 26, mikataba 18. Mada tatu hizo peke yake zina maswali 81 hivi. Mikopo, ambayo wengi huiogopa, ni 13 au 14.

Hesabu safi ni chache. Zimetawanyika, nyingi zikiwa kwenye uthamini. Hata hivyo, ratiba za kujisomea tulizozikuta zinaanza na hesabu na kuzikalia kwa majuma, huku taarifa za lazima zikipewa siku za mwisho. Tumepindua. Theluthi mbili ya muda wetu inakwenda kwenye utendaji, uwakala na mikataba, na hesabu zinafanywa kidogo kila kikao.

Februari, mwishoni: umiliki

Hapa msomaji kutoka Tanzania ana kazi ya ziada. Kwao ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na mtu hupewa haki ya kumiliki kwa muda, hadi miaka 99. Mkenya anajua freehold na leasehold, hivyo anaingia kwa urahisi kidogo. California msingi ni fee simple absolute: umiliki usio na mwisho, unaorithishwa na kuuzwa. Kodi za serikali, kanuni za matumizi na haki ya serikali kutwaa ardhi kwa fidia vinaupunguza, lakini haviuwekei ukomo wa miaka.

Swali linaloangusha wengi ni la joint tenancy, umiliki wa pamoja ambapo sehemu ya anayekufa huenda kwa wenzake waliobaki. Watu watatu, A, B na C, wanamiliki kwa mtindo huo. C anamuuzia D sehemu yake. Je, D ni nani? D ni tenant in common, yaani mmiliki mwenza ambaye sehemu yake huenda kwa warithi wake, mwenye theluthi moja, na A na B wanabaki joint tenants wao kwa wao. A akifa, sehemu yake inakwenda kwa B pasipo mirathi: B ana theluthi mbili, D moja. Wosia wa A haugusi kitu hapo. Wengi hukosea kwa kudhani mauzo ya C yanavunja mpango mzima.

Vipimo vya ardhi: seksheni moja ni ekari 640, ekari moja ni futi za mraba 43,560, tauniship ina seksheni 36. N½ ya SE¼, yaani nusu ya kaskazini ya robo ya kusini-mashariki ya seksheni, ni 640 ÷ 4 ÷ 2 = ekari 80. Maelezo yenye neno *and* katikati ni vipande viwili: NW¼ ya NW¼ *and* SE¼ ni 40 + 160 = 200. Anayegawanya moja kwa moja hadi mwisho anapata ekari 10, na hiyo kumi itakuwepo kwenye machaguo ikimsubiri.

Machi: uwakala, na pesa inayopita mkono gani

Tumeipa mada hii vikao vingi kuliko ilivyopangwa mwanzo, na haitapunguzwa.

Salesperson si dalali anayejitegemea. Anafanya kazi chini ya broka mwenye leseni, na malipo yake yote yanatoka kwa broka huyo. Muuzaji akitaka kumpa zawadi ya dola 1,000 kwa kazi nzuri, ampe broka wake. Broka mwingine akitaka kumlipa, njia ni hiyohiyo. Mitaani kwetu dalali huchukua chake papo hapo, mara nyingine pande zote mbili na aliyeleta habari pia akipata, na mazoea hayo ndiyo yanayomfanya msomaji achague jibu baya.

Asiye na leseni akifanya kazi inayohitaji leseni, kama kuonyesha nyumba, kujadili bei au kutafuta wateja kwa malipo, anaweza kutozwa faini hadi dola 20,000 au kifungo cha hadi miezi 6, au vyote. Anayemlipa mtu huyo faini yake ni hadi dola 100 kwa kila kosa. Mtihani unapenda kuzigeuza takwimu hizi mbili, kwa hiyo zisomwe pamoja.

Wajibu kwa mteja na wajibu kwa upande wa pili havilingani. Kwa mteja wake wakala ana wajibu wa uaminifu kamili: kumtii katika mambo halali, kumtunzia siri, kumweleza kila jambo la maana, kutunza fedha zake. Kwa upande wa pili ana wajibu wa ukweli na haki, na kutaja kasoro za mali anazozijua. Swali likiuliza kama wakala wa muuzaji amwambie mnunuzi kwamba paa linavuja, jibu ni ndiyo. Likiuliza kama amwambie kwamba muuzaji yuko tayari kushuka bei, jibu ni hapana, isipokuwa kwa ruhusa ya maandishi.

Kuwakilisha pande zote mbili kunaruhusiwa iwapo wote wanajua na wameridhia. Kufanya hivyo kwa siri kunamnyima wakala ujira, kunampa mteja haki ya kuvunja mauzo, na leseni inaingia hatarini. Hatua zina mpangilio wake: kutoa fomu ya taarifa ya uwakala, kuchagua upande, kuthibitisha kwa maandishi. Swali la kupanga hatua hizi ni la bure kwa aliyezikariri.

Aina za mikataba ya kuuza tumezichora kwenye ubao kwa swali moja: nani akileta mnunuzi, broka analipwa? Exclusive right to sell: broka analipwa hata mwenye nyumba akijiuzia. Exclusive agency: mwenye nyumba akijiuzia, halipwi. Open listing: anayeleta mnunuzi kwanza ndiye anayelipwa. Net listing, ambapo broka anachukua kinachozidi kiasi fulani, ni halali California ila lazima aseme anapata kiasi gani. Majibu yanayosema imepigwa marufuku ni ya majimbo mengine.

Aprili: taarifa za lazima kwa mnunuzi

Mzigo mkubwa kuliko wote uko hapa, na hakuna njia ya mkato zaidi ya kujua namba na kujua nani anawajibika.

Transfer Disclosure Statement, TDS, inahusu makazi ya nyumba 1 hadi 4. Muuzaji anaijaza, na wakala anaongeza sehemu yake. Ikimfikia mnunuzi baada ya ofa kusainiwa, anaweza kujitoa ndani ya siku 3 ikikabidhiwa mkononi, siku 5 ikitumwa kwa posta. Kuandika "as is", yaani nyumba inauzwa kama ilivyo, kwenye mkataba hakumwondolei muuzaji wajibu wa TDS. Mauzo ya mahakama, ya mirathi na ya kunadiwa kwa mkopo yana msamaha.

Sehemu ya wakala ina historia. Kesi ya Easton v. Strassburger ya 1984 ilihusu nyumba iliyojengwa juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa vizuri. Mawakala waliona dalili wasizifuatilie. Tangu hapo sheria inamtaka wakala akague kwa macho sehemu zinazofikika na kuandika anachokiona. Halazimiki kupanda juu ya paa, kuingia chini ya sakafu wala kusoma vibali vya ujenzi. Majibu mengi ya mtego yamejengwa juu ya mpaka huo.

Taarifa ya hatari za asili ina maeneo sita: mafuriko, mafuriko ya bwawa likipasuka, ukanda wenye hatari kubwa au kubwa sana ya moto, pori lenye hatari ya moto, ukanda wa ufa wa tetemeko, na eneo la mtikisiko. Rangi yenye risasi: nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, kijitabu, na siku 10 za mnunuzi kukagua akitaka. Kifo ndani ya nyumba: kinatajwa kikiwa ndani ya miaka 3. Kilichozidi hapo hakitajwi kwa hiari, lakini mnunuzi akiuliza moja kwa moja ni marufuku kumdanganya. Ugonjwa wa UKIMWI wa aliyeishi humo hautajwi.

Usawa wa makazi unasomwa kwa ngazi mbili. Sheria ya shirikisho ya 1968 inalinda makundi saba: mbari, rangi, dini, jinsia, asili ya taifa, ulemavu, na kuwa na watoto. California imeongeza mengine mengi, ikiwemo chanzo cha kipato, na tangu 2020 vocha za Section 8, msaada wa serikali wa kulipia pango, zimo. Sheria ya 1866 inahusu mbari tu na haina msamaha wowote. Kumwelekeza mteja mtaa fulani kwa sababu "watu wenu wako huko" ni kosa hata kama ni mteja wako mwenyewe wa Kiswahili na nia ni njema. Jambo hili linawahusu wasomaji wetu baada ya leseni pia, maana wengi watapata wateja wao wa kwanza msikitini, kanisani au kwenye vikundi vya kwao.

Mei: kusafisha maswali ya zamani

Maswali ya mazoezi yanayozagaa bure mengi ni makongwe, na kosa lake halionekani kwa sababu jibu limeandikwa kwa uhakika. Tumetengeneza vichujio.

Swali likiita idara "Bureau" au CalBRE, ni la kati ya Julai 2013 na Julai 2018, kipindi ambacho DRE ilikuwa chini ya idara nyingine. Halifai kuaminiwa bila kukaguliwa. Likitaja Proposition 60 au 90, sheria zilizopitishwa kwa kura ya wananchi, kama njia ya mwenye miaka 55 kuhamishia nyumba mpya thamani ya kodi ya nyumba yake ya zamani, limepitwa: Proposition 19 ilichukua nafasi hiyo Aprili 2021, popote ndani ya jimbo, hadi mara tatu. Likisema amana ya pango ni miezi 2 kwa nyumba tupu na 3 yenye samani, ni la kabla ya Julai 2024. Sasa ni mwezi 1, isipokuwa mwenye nyumba mdogo asiyezidi mali mbili zenye jumla ya nyumba 4, ambaye anaweza kuchukua miezi 2.

Mkataba wa mnunuzi na wakala unachanganya zaidi. Sharti la kusaini kabla ya kuzungushwa kwenye nyumba lilitokana na maridhiano ya kesi ya chama cha Realtors, chama cha kitaifa cha mawakala wa nyumba, yaliyoanza kutumika Agosti 17, 2024. Sheria ya jimbo, AB 2992, ni kitu kingine: tangu Januari 2025 mkataba huo lazima uwepo kabla au wakati wa kusaini ofa, na kwa mnunuzi binafsi usizidi miezi 3. Tumeziweka kadi mbili za rangi tofauti ili sharti la chama lisijibiwe kama sheria ya jimbo.

Mei, katikati: hesabu zinapoharibikia

Kanuni wanazijua, kinachowaponza ni namba wanayoanza nayo.

Kodi ya kuhamisha hati ni dola 1.10 kwa kila dola 1,000, lakini mkopo wa zamani anaouchukua mnunuzi haukatwi kodi. Nyumba ya dola 640,000, mkopo uliochukuliwa 200,000: kodi ni 440 × 1.10 = dola 484. Anayepata 704 amesahau kutoa.

Kodi ya mali inakwenda kwa mwaka wa fedha, Julai 1 hadi Juni 30. Kodi ni dola 7,200 kwa mwaka, haijalipwa, eskro (mtu wa tatu anayeshika fedha na hati hadi mauzo yakamilike) inafungwa Oktoba 1. Muuzaji anadaiwa Julai, Agosti na Septemba: 600 × 3 = 1,800. Anayeanza kuhesabu Januari anapata 5,400. Awamu ya kwanza inadaiwa Novemba 1 na kuchelewa baada ya Desemba 10. Ya pili Februari 1, na kuchelewa baada ya Aprili 10.

Mkopo wa 80% hukokotolewa kwa bei au uthamini, kilicho kidogo. Bei 500,000, uthamini 480,000: mkopo ni 384,000 na mnunuzi atafute 116,000. Pointi, yaani ada ya mkopeshaji, moja ni 1% ya mkopo, haihusiani na bei.

Thamani kwa kipato ni kipato halisi cha mwaka kugawanywa kwa kiwango cha faida: 48,000 ÷ 0.06 = 800,000. Kiwango kikipanda hadi 8%, thamani inashuka hadi 600,000. Marejesho ya mkopo hayatolewi kwenye kipato halisi kabla ya kugawanya.

Juni: mikopo na mikataba, kwa haraka

Kuweka nyumba dhamana ya mkopo, California hutumia deed of trust, yenye pande tatu, kuliko mortgage, yenye pande mbili. Trustor ni mkopaji, beneficiary ni mkopeshaji, trustee ni mtu wa tatu anayeshika umiliki wa jina tu kama dhamana. Maneno yanayoishia *-or* ni ya mtoaji na *-ee* ni ya mpokeaji, kwa hiyo mortgagor ndiye mkopaji, kwani yeye ndiye anayetoa dhamana. Ukishindwa kulipa: notisi ya kukiuka inasajiliwa, miezi 3 inapita, kisha notisi ya mnada, angalau siku 20. Mkopaji anaweza kulipa malimbikizo hadi siku 5 za kazi kabla ya mnada. Baada ya mnada wa trustee hakuna kukomboa.

Kwenye mikataba, tofautisha void (batili tangu mwanzo), voidable (upande mmoja unaweza kuuvunja) na unenforceable (mahakama haiwezi kuulazimisha), kisha ofa iliyojibiwa kwa sharti jipya: hiyo imekufa, na aliyeijibu hawezi kurudi kuikubali.

Juni, mwishoni: siku ya mtihani na baada yake

Vituo vya DRE ni Fresno, La Palma, Oakland, Sacramento na San Diego. Nafasi huchaguliwa kwenye eLicensing, mfumo wa mtandaoni wa DRE. Anayekaa Bakersfield aangalie Fresno na La Palma zote mbili, achukue iliyo mapema.

Saa 3 kwa maswali 150 ni wastani wa sekunde 72. Mzunguko wa kwanza jibu unayoyajua, hesabu ndefu ziwekee alama, rudi baadaye. Usiache swali wazi, maana jibu baya halipunguzi alama. Maswali yenye EXCEPT au NOT yasomwe mara mbili: jibu la kwanza linaloonekana la kweli ndilo la kuepuka.

Aliyefaulu haambiwi alama. Aliyeshindwa hupewa asilimia ya kila mada kati ya saba, na karatasi hiyo ndiyo ratiba yake ya kusoma upya: zidisha upungufu kwa uzito wa mada, anza na tokeo kubwa. Anaweza kurudia ndani ya miaka 2 ya maombi yake, akilipa ada kila mara.

Baada ya kufaulu, maombi ya leseni yatumwe ndani ya mwaka 1 wa tarehe ya mtihani, pamoja na alama za vidole za Live Scan kwa fomu RE 237. Leseni hudumu miaka 4. Inaweza kutolewa kabla ya kupata broka, ila mpaka awepo huwezi kufanya kazi yoyote inayohitaji leseni.

Kuna ombi limejirudia: waliotoka mtihanini watuandikie maswali wanayoyakumbuka. Limekataliwa. Kutoa yaliyomo kwenye mtihani ni kuuhujumu, na anayehusika anaweza kuzuiwa kuomba leseni kwa hadi miaka 3. Tunachopokea ni jina la mada iliyomsumbua mtu.

Kazi zilizobaki kwa awamu ijayo: kadi za kukodisha zitenganishwe na za kuuza, maswali ya fedha za dhamana yaongezwe, na mifano ya kodi iandikwe upya kwa eskro inayofungwa katikati ya mwezi, mwezi ukihesabiwa siku 30.